Siku Wakuru Alipokwenda Hospitali na Gambuti

Rafiki yangu, nakuandikia kama mtu ambaye ningemwachia ufunguo wa nyumba yangu na nisirudi kuhesabu vyombo. Kwa hiyo sitazunguka. Nilifanyaga kazi ya usafi kwenye kiwanda cha minofu ya samaki hapa Musoma, nikaiacha kabla ya muda wake kwa sababu ya kifua. Majirani zangu huku Makoko wananiita mstaafu halafu wanacheka. Mstaafu gani hana hata mvi, bado anagombania kamba ya kuanikia nguo na wenye watoto wachanga? Lakini ndiyo hivyo. Nina arobaini na kitu, na nimestaafu.

Nakuambia wewe ambaye ndiyo kwanza unaanza kazi. Siyo lazima iwe ya samaki. Inaweza kuwa kupulizia dawa pamba huko Bunda, au kuosha dhahabu kwa zebaki kwenye makarasha, zile mashine za kusaga mawe, upande wa Butiama, au kufua mashuka ya hoteli. Popote penye ndoo ya dawa na mtu wa kuikoroga, haya yanakuhusu.

Watu wakisikia kiwanda cha samaki wanawaza kisu. Wanafikiri sote tulikuwa tunakata minofu. Hapana. Wakataji walikuwa watu wa mbele, wenye mikono myepesi, ndio waliopigwa picha wageni wakija. Sisi wa usafi tuliingia wao wakitoka. Sangara ana mafuta, wewe mwenyewe unajua. Yale mafuta yanang'ang'ania meza, yanang'ang'ania sakafu, yanaingia kwenye mifereji na kuganda. Kazi yetu ilikuwa kuhakikisha wakataji wakirudi wanakuta chumba kama hakijawahi kuona samaki.

Nikufundishe kidogo, maana kazi ni kazi. Mafuta unaanza nayo kwa sabuni na maji ya moto, unasugua, unasuuza. Ukiruka hapo ukamwaga klorini juu ya mafuta, umemwaga bure. Klorini inakuja mwisho, na maji yake yawe ya baridi, kwa sababu maji ya moto yanaifukuza inapanda juu inakufuata usoni. Na unatia unga wa klorini kwenye maji, hutii maji kwenye unga. Haya nilifundishwa na dada Wakuru, na nayashika mpaka leo nikiosha choo changu.

Wakuru alikuwa amenitangulia kiwandani miaka mingi. Nyumbani kwake ni Manyamanyama, Bunda, ila wiki nzima alikuwa anakaa chumba cha kupanga huku Makoko, mlango wa pili kutoka kwangu. Mjane, watoto watatu shuleni, sauti ya pili kwenye kwaya. Mwembamba, lakini akishika brashi ya sakafu unaihurumia sakafu.

Siku yangu ya kwanza alinisimamisha mbele ya pipa la bluu.

"Tia unga. Koroga."

Nikakoroga. "Dada, nitajuaje imetosha?"

"Sogea. Vuta."

Nikavuta. Nikakohoa mpaka kofia ikadondoka kwenye maji.

"Umejua?"

"Nimejua."

"Basi ongeza maji. Hiyo ya kwako inaua mpaka wavuvi."

Hicho ndicho kilikuwa kipimo chetu. Pua. Vile vikaratasi vya kupimia, vinavyobadilika rangi, vilikuwepo. Vilikaaga kwenye kabati la ofisi, vikatolewa siku ya ukaguzi, halafu vikarudi kulala. Na sisi wala hatukudai. Tulikuwa tunajivunia. Mtu mpya akifunga kitambaa puani tulimcheka, "Huyu kaja harusini?" Wakuru alikuwa akipita karibu na pipa hata hajasimama anasema, "Hiyo hafifu, ongeza," na ukiongeza unakuta kweli. Tulimwona fundi. Mimi mwenyewe nilitamani kuwa na pua kama yake, nikaipata.

Kuna siku waliletaga dawa nyingine, ya maji, ya kutoa ukoko wa chokaa kwenye mabomba. Ilikuwa tindikali. Hakuna aliyetuambia isikutane na klorini. Mwenzetu mmoja akaimimina kwenye ndoo iliyobaki na klorini chini, ili asipoteze muda kuisuuza. Ikatoka hewa, rafiki yangu, siwezi kukueleza. Ni kama mtu amekuingizia mkono kooni anatafuta kitu. Tulikimbia nje tukalala kwenye nyasi tunatoa machozi na makamasi, watu wazima na heshima zetu. Msimamizi akakimbia dukani, akarudi na maziwa ya pakiti, kila mtu yake. Tukanywa. Tukamsifu ana roho nzuri. Tangu siku ile kiwanda kikawa kinatupa maziwa mara kwa mara, na sisi tukaona tunapendwa kuliko wakataji.

Nilikuja kumweleza daktari habari hiyo ya maziwa, akacheka mpaka akavua miwani. "Mama, maziwa yalikwenda tumboni. Hewa ilikwenda kifuani. Havijakutana popote."

Sasa kikohozi. Usifikiri kilikuja kama mgeni anabisha hodi. Wote tulikohoa. Tulikiita baridi ya kiwanda, kwa sababu ya vyumba vya barafu, na tukaona kimeshapata jina basi kimeisha. Lakini cha Wakuru kilizidi. Kwanza aliacha kuimba ubeti mzima kwa pumzi moja. Halafu akaanza kupumzika katikati ya kupanda ngazi za ofisi. Kifua kikawa kinapiga filimbi, ukiwa umelala chumba cha jirani unasikia. Alipimwa kifua kikuu Bunda, hana. Akapimwa tena Musoma, hana. Lakini watu wakishakuona umepeleka makohozi kwenye kikopo, wewe una TB tu. Kikombe chake cha chai kiwandani kikawa hakishikwi na mtu.

Siku za ugonjwa zikawa nyingi. Ofisa utumishi wetu, Bwana Mugeta, mtu wa Butiama, mtaratibu, akamwita. Wakuru aliniomba niingie naye. Unajua kwa nini mimi? Kwa sababu nilikuwa nasoma jioni. Nilishindwa sekondari nikiwa msichana, nikaja kurudi nikiwa na watoto, nikakaa kwenye madawati ya watoto wa darasa la pili, magoti yamegusa kidevu, nikafanya mtihani wa kidato cha nne, nikafaulu kiasi changu. Wenzangu kazini wakaniita wakili wa jioni. Ilikuwa kejeli. Lakini mtu akiwa na barua ya Kiingereza ananitafuta.

"Mama Bwire, na wewe umeitwa?" Bwana Mugeta aliniuliza.

"Sijaitwa, baba. Nimemsindikiza mgonjwa."

Akatuambia habari yenyewe bila ukali. Siku za ugonjwa zinaelekea ukingoni. Kama ugonjwa ni wa kawaida, zikiisha na kazi imeisha, na matibabu atajitegemea. Kama ugonjwa umetokana na kazi, hilo ni jambo lingine, kuna watu wa fidia, wanatibu na wanalipa. Lakini ithibitike.

"Mimi sikatai kwamba unaumwa, mama," alisema. "Siwezi tu kuandika kwamba sisi ndio tumekuumiza, wakati hakuna daktari aliyesema."

Kwa hiyo hapo ndipo tulipokuwa. Kwa Wakuru, neno moja, la kazi au la kawaida, ndilo lilikuwa linaamua kama atavuta pumzi kwa dawa au atavuta kwa bahati. Dawa ya kifua cha namna hiyo, ya kuvuta kwa mdomo, siyo ya kununua mara moja. Ukianza umeanza.

Tukaomba. Fomu zikajazwa, Bwana Mugeta akapiga mhuri wake bila kinyongo, tukapangiwa siku ya kupima. Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo tulipokosea, na tulikosea kwa adabu.

Kwetu huku mtu haendi kwa daktari kama alivyoamka. Unajiandaa. Wakuru alikuwa na likizo yake, akaenda kukaa kwa kaka yake Butiama apate nguvu kwanza. Alikaa likizo yote. Akala vizuri, akalala. Siku ya kupima akashuka Musoma ameoga kwa sabuni ya kunukia, amejipaka mafuta, kitenge kipya, kilemba. Mimi mwenyewe ndiye niliyemfunga kilemba. Nilisema, asije akadharauliwa kwamba hawa watu wa samaki wananuka.

Tukaingia. Daktari, mwanaume mmoja mwenye haraka, akauliza, "Mama hujambo?"

"Sijambo, namshukuru Mungu."

"Unaendeleaje?"

"Naendelea vizuri kabisa, dokta. Mungu ni mwema."

Angesema nini? Tumelelewa hivyo. Hata mtu amebebwa kwenye machela ukimsalimia anasema hajambo. Na mtu wa sala anaongeza shukrani juu yake. Daktari akaandika anaendelea vizuri. Akampa mashine ya kupuliza, lile bomba linalopima kifua kinatoa hewa kiasi gani. Wakuru akapuliza kama anapuliza moto wa kuni mbichi. Daktari akasema, safi sana mama. Tukatoka tunatabasamu. Tumefaulu mtihani!

Majibu yalipokuja yalisema kifua ni kizima, hakuna ushahidi wa ugonjwa wa kazi. Maombi yamekataliwa.

Wakuru alikuwa amesharudi kazini, na filimbi imesharudi kifuani. Aliniletea ile barua nikiwa kwenye chumba cha kubadilisha nguo, wenzetu wapo.

"Wakili wa jioni, kesi imekwendaje?" mmoja akauliza, mama mmoja wa kufunga maboksi.

"Imekataliwa."

"Afadhali. Mlikuwa mnatufungishia kiwanda. Tukose kula kwa ajili ya kikohozi cha mtu mmoja?"

"Na wewe si unakohoa?" nikamwambia.

"Mimi nakohoa kwa adabu. Sipeleki serikalini."

Watu wakacheka. Hata Wakuru alicheka, akakohoa, akakaa chini. Yule mama ndiye aliyemletea maji. Usimchukie. Alikuwa na watoto na yeye.

Kwenye jumuiya pia tuliambiwa. Kiongozi wetu mmoja, mzee wa heshima, alinishika mkono baada ya sala akasema siyo vizuri Mkristo kumshitaki aliyempa mkate. Nilimjibu, "Baba, sijamshitaki mtu. Nauliza kilichomwingia mwenzangu kifuani ni nini." Lakini nikirudi nyumbani neno lake lilinisumbua. Nikapiga magoti, nikauliza. Sikusikia sauti, sitakudanganya. Nilisikia tu Wakuru akikohoa mlango wa pili. Nikainuka na kwenda kumwambia tutapinga.

Kupinga kuna muda wake, na wewe ukikataliwa usikae na barua kwenye sanduku ukilia, siku zinahesabika. Tulikwenda hospitali kuchukua nakala ya vile vipimo. Safari hii tukamkuta daktari mwingine, binti, mdogo kuliko mtoto wangu wa kwanza kwa sura, ila alikuwa haandiki mpaka umalize kusema. Aliangalia karatasi, akamwangalia Wakuru alivyokuwa anahema kwa kutembea tu kutoka getini.

"Mama, siku uliyopima ulikuwa umetoka wapi?"

"Butiama, kwa kaka yangu. Nilikuwa likizo."

"Huko ulikuwa unakohoa?"

"Huko?" Wakuru akashangaa swali. "Huko nilikuwa napandisha kilima na ndoo ya maji kichwani. Wifi yangu akawa ananisema, mnasema mgonjwa, mgonjwa yuko wapi?"

"Na ukirudi kazini?"

"Kama unavyoniona."

Daktari akaweka kalamu chini. "Basi mlituletea kifua cha Butiama. Nileteeni cha kiwandani."

Akatueleza taratibu. Kuna kifua ambacho dawa za kazini zikishakikasirisha, kinafunga ukiwa pale na kinafunguka ukikaa mbali. Ukipima kimefunguka, utaambiwa mzima, na mashine haijakosea. Akasema asiende kazini kwa ajili ya kujitafutia ugonjwa, lakini kwa kuwa yuko kazini tayari, siku ya zamu akimaliza aje moja kwa moja. Asipite nyumbani. Asipumzike. Asioge.

"Nisioge?" Wakuru akauliza.

"Usioge, mama."

Tulipotoka nje akaniambia, "Haiwezekani."

"Kwa nini?"

"Mama Bwire, nipite mjini na gambuti? Ninuke sangara mbele za watu? Tayari wananiambia nina TB, sasa na kichaa niongeze?"

"Utakaa kwenye bajaji."

"Na kwenye foleni je? Nikikutana na mtu wa kwaya?"

"Ataimba."

Hakucheka. Alikataa siku hiyo, akakataa kesho yake. Usimwone mjinga. Mwanamke mjane, mpangaji, mfanyakazi wa usafi, alichonacho cha kuonyesha watu ni unadhifu wake tu. Nguo zake zilikuwa zimepigwa pasi mpaka za kulalia. Nilikuwa namwambia akivue kile kitu kimoja alichokuwa amebaki nacho.

Kilichombadilisha siyo maneno yangu. Siku moja alishindwa kumaliza sakafu. Aliegemea brashi katikati ya chumba cha kukatia, midomo imekuwa na rangi ambayo sikuipenda. Tulimtoa nje, akakaa kwenye ngazi mpaka pumzi ikarudi kidogo. Nikamfungua vifungo vya koti.

"Acha," akasema. "Usinivue. Twende hivi hivi."

Msimamizi alitupa ruhusa. Tukatoka getini na makoti meupe, kofia, gambuti, tunadondosha maji njia nzima. Bajaji ya kwanza ilitupita. Ya pili ilisimama, kijana akavuta pumzi, akajuta.

"Shikamooni mama zangu. Hii bajaji mnataka nikaioshe na nini?"

"Na klorini," Wakuru akasema kwa sauti ya kukatika. "Ninayo kwenye koti."

Kijana akacheka, akaendesha kichwa kikiwa nje safari nzima. Hospitali foleni ilikuwa ndefu. Tulipokaa, benchi likaanza kupungua lenyewe, mmoja anakumbuka simu, mwingine anataka jua. Mama mmoja alijifunika pua kwa khanga waziwazi. Wakuru alikaa wima, mikono magotini, anaangalia ukuta. Mimi nikasali kimya kwamba tuitwe haraka, tukaitwa haraka. Sijui kama ni sala au ni harufu.

Yule daktari binti alituinukia. "Shikamoo mama. Hali yako?"

"Nashukuru Mun..."

Nikamfinya.

"Nashukuru Mungu," Wakuru akamaliza, maana hakuna atakayemkatisha hapo, "lakini kifua kimeniziba. Sipati pumzi, dokta. Tangu asubuhi."

Ndiyo mara ya kwanza nilimsikia anasema. Miaka yote ile.

Akapuliza mashine. Ilikuwa kama anapuliza kupitia kitambaa. Akapumzika, akapuliza tena, hivyo hivyo. Daktari akampa dawa ya kuvuta, tukasubiri, akapuliza tena, kifua kikawa kimefunguka kwa kiasi kikubwa. Daktari hakusema safi sana. Aliandika, na aliandika pia kwamba mgonjwa amefika moja kwa moja kutoka kazini na nguo za kazi.

Siku ya kusikilizwa, watu wa fidia walikuwa wamekaa na daktari wao, na Bwana Mugeta kwa upande wa kiwanda. Chumba kidogo, feni inalia. Wakuru alikuja amevaa kitenge chake, safari hii hakuna aliyemkataza. Bwana Mugeta alileta hoja aliyopewa, na ilikuwa hoja ya maana. Alisema wanawake wa huku wanapikia kuni tangu utoto. Moshi unaharibu kifua. Kiwanda kitajuaje kama siyo kuni?

Sikuwa nimeliwaza hilo. Daktari wa watu wa fidia akamgeukia Wakuru.

"Mama, hapa Makoko unapikia nini?"

"Gesi ndogo, ya mtungi."

"Na kule Butiama, kwa kaka yako?"

"Kuni. Wifi yangu alikuwa na mimba, nilipika mimi siku zote."

Yule daktari akachukua karatasi mbili. Moja ni ile ya kwanza, iliyotukosesha, iliyosema kifua kizima. Nyingine ni ya siku ya gambuti. Akaziweka pamoja mezani mbele ya Bwana Mugeta.

"Hapa ametoka kwenye kuni," akasema, "na hapa ametoka kwenu."

Bwana Mugeta alizisoma zote mbili. Halafu akasema, "Sina swali lingine." Akafunga kalamu yake. Nilimheshimu siku ile, na namheshimu, kwa sababu angeweza kutafuta swali lingine.

Unaona mambo hayo? Kile kipimo tulichokilaani, bila hicho, hiki cha pili kingebaki na mguu mmoja. Ugonjwa wa namna hii unaonekana pale kazi inapokuwepo na pale isipokuwepo, vyote viwili. Kwa hiyo ukienda kupima, nenda umetoka kazini, na ukirudi likizo nenda tena. Mwambie daktari unashika dawa gani, jina lililoandikwa kwenye ndoo, siyo tu "dawa ya kuoshea". Na ukiulizwa hali, mshukuru Mungu ukitaka, halafu endelea kusema.

Maombi yalikubaliwa. Sitakutajia kiasi, siyo kwamba ni siri, ila watu wakishasikia kiasi wanasahau mengine yote. Wakuru anatibiwa, dawa ya kuvuta haimkatikii. Hakurudi kwenye pipa. Yuko kwake Manyamanyama. Kifua hakijarudi kuwa cha zamani na hakitarudi, daktari alimwambia wazi. Kwaya aliacha. Jumapili anakaa benchi la nyuma karibu na mlango, anafungua kitabu cha nyimbo anafuata kwa macho.

Mimi nilipima baada yake. Nilitoka zamu nikapanda bajaji nikiwa na gambuti, peke yangu. Kifua changu kilikuwa kimeshaanza kufunga, siyo kama chake. Daktari akaniambia nikiacha sasa, sehemu kubwa ya kifua itabaki nzima. Kuacha kazi ukiwa na nguvu za kuifanya ni kugumu, usisikilize mtu anayekuambia ni rahisi. Nililia siku mbili tatu. Halafu nikaacha. Na yule mama wa maboksi, aliyekuwa anakohoa kwa adabu, alikuja kwangu jioni moja kuniuliza hospitali ni mlango gani. Kiwandani sasa hivi wanasema vikaratasi vinatolewa kabatini kila zamu, na barakoa zimeletwa, zile za kweli zenye vichujio. Ukicheka mtu aliyejifunika pua wewe ndiye mshamba.

Sasa ninakuomba kitu. Haya usiyaache kwako. Kuna mtu unayemjua ambaye anakoroga kitu asichokijua jina. Mpelekee. Kama hasomi, msomee, kama amechoka, mweleze kwa kifupi mkiwa njiani. Mwambie kwa Kijita, kwa Kizanaki, kwa Kikurya, kwa lugha anayoongea na mama yake kwenye simu. Atakuambia yeye hana shida, kifua chake ni kizima. Mwambie, anayesema hivyo ndiye niliyekuwa namwandikia.